Kwaya Zilizovuka Bahari Kabla Yetu



Katika kijitabu hiki utasoma mengi kuhusu miaka 50 ya kwaya yetu: walioianzisha, walimu waliotufundisha noti, sare tulizovaa na kanda tulizorekodi. Sisi wa kamati ya historia tuliombwa tuandike jambo lingine. Kama washirika wote wanavyojua, kanisa rafiki la Uingereza limetualika kwa ziara ya uinjilisti ya siku 14, na baada ya sherehe hizi mkutano mkuu wa washirika utaamua kama twende au tubaki. Maneno yamekuwa mengi. Wapo wanaosema ni heshima kwa kanisa letu na mlango usiofunguka mara mbili. Wapo wanaouliza kwa nini nauli ya waimbaji 24 isitumiwe kuezeka ukumbi wa vijana ambao umekaa bila paa. Wote wanaosema hivyo wanalipenda kanisa hili, na hoja za pande zote mbili zina uzito.

Kwaya yetu si mgeni wa safari. Tumekwenda Lodwar, tumekwenda Garsen, tumekwenda Taveta. Tumelala kwenye sakafu za madarasa, tumeimba sokoni juani, na tumerudi na sauti zilizokauka na mioyo iliyojaa. Lakini kuvuka bahari ni jambo jingine. Gharama ni kubwa, mwenyeji ana desturi tofauti, na aliyebaki nyumbani haoni kilichofanyika huko. Ndiyo maana tumeona vyema turudi nyuma tuangalie wengine waliotutangulia. Zipo kwaya za watu weusi na vikundi vya Wakristo wa Afrika vilivyosafiri ng'ambo kwa ajili ya kazi ya Mungu, tangu zaidi ya miaka 150 iliyopita. Baadhi ya safari hizo zilizaa matunda yanayoonekana hadi leo. Nyingine ziliharibika njiani. Tumechagua tatu, na kwa kila moja tumejiuliza maswali yale yale mnayotuuliza ninyi: nani alilipa, nani alifaidika, na nini kilibaki watu waliporudi?

Jina la jubilii lilivyoingia katika kwaya

Neno tunalolisherehekea leo tumelipata katika Walawi sura ya 25. Biblia yetu inaliita mwaka wa yubile: mwaka wa 50, ambao baragumu inapigwa, watumwa wanaachwa huru na kila mtu anarudi kwa jamaa yake. Watumwa weusi wa Marekani walilipenda sana neno hili. Walipoomba kuhusu siku ya uhuru wao, waliiita siku ya jubilii. Siku hiyo ilifika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipokwisha mwaka wa 1865.

Mwezi wa Januari 1866, katika mji wa Nashville, jimbo la Tennessee, shule ilifunguliwa kwa ajili ya watu hao waliokuwa wametoka utumwani. Iliendeshwa kwa msaada wa American Missionary Association, shirika la wamisionari lililokuwa limepinga utumwa kwa miaka mingi. Madarasa yake yalikuwa mabanda ya mbao yaliyoachwa na hospitali ya jeshi. Waliojiandikisha walikuwa wa kila umri, kuanzia watoto hadi wazee waliotaka kuisoma Biblia kwa macho yao wenyewe kabla ya kufa. Shule hiyo ndiyo iliyokuja kuwa Chuo Kikuu cha Fisk.

Baada ya miaka mitano mabanda yalikuwa yakioza na madeni yalikuwa yamezidi. Mweka hazina wa chuo, George White, ndiye pia aliyekuwa mwalimu wa muziki. Alifikiria jambo ambalo wengi waliliona kama wazimu: achukue kikundi kidogo cha wanafunzi wake, azunguke nao wakiimba makanisani, na kwa sadaka zitakazopatikana aokoe chuo. Tarehe 6 Oktoba 1871 waimbaji tisa waliondoka Nashville kwa gari la moshi. Walikuwa vijana, wengi wao wamezaliwa utumwani. Mpiga kinanda wao, Ella Sheppard, alikuwa na umri wa miaka 20 na afya yake haikuwa nzuri.

Mwanzo ulikuwa mgumu. Mahoteli yaliwakataa kwa sababu ya rangi yao. Watu walikuja kusikiliza, wakapiga makofi, wakatoa kidogo sana. Katika siku zile za kwanza moto mkubwa uliteketeza sehemu kubwa ya mji wa Chicago. Waimbaji wetu walikuwa wamepata karibu dola 50 katika tamasha moja. Walizitoa zote kwa waathiriwa wa moto, wakabaki bila kitu. Ni jambo la kuzingatia: kikundi kilichotoka kutafuta msaada kilianza kazi yake kwa kutoa.

Kilichobadilisha safari hiyo ni nyimbo zenyewe. Mwanzoni waliimba zaidi nyimbo za Kizungu za kwenye noti, kuonyesha kwamba nao wamesoma. Nyimbo za wazazi wao, zile zilizoimbwa usiku mashambani wakati wa utumwa, waliziimba faraghani tu. Ella Sheppard alieleza baadaye kwamba nyimbo hizo zilikuwa takatifu kwa wazazi wao, na kwamba vijana wenyewe hawakuwa na wazo la kuziimba mbele ya watu. Polepole mwalimu wao aliwaomba wazitoe. Novemba 1871, huko Oberlin, jimbo la Ohio, wajumbe wa makanisa ya Congregational walikuwa wamekusanyika kwa mkutano mkuu. Vijana wakaanza moja ya nyimbo hizo kwa sauti ya chini kabisa. Ukumbi ukanyamaza. Tangu siku hiyo nyimbo za watumwa zikashika nafasi ya kwanza katika matamasha yao.

Ni katika majira hayo, wakiwa Columbus, Ohio, ambapo George White aliwapa jina. Baada ya kuomba aliwaambia wataitwa Jubilee Singers, waimbaji wa jubilii, kwa sababu ya ile sura ya 25 ya Walawi. Kwa hiyo neno hilo lilikwisha kuvaliwa na kwaya ya watu weusi zaidi ya karne moja kabla yetu, nao walilivaa kwa maana yake halisi: walikuwa watumwa walioachwa huru.

Uingereza, 1873

Kufikia katikati ya mwaka wa 1872 walikuwa wamekusanya dola 20,000 na kuimba mbele ya Rais Ulysses Grant katika Ikulu ya Marekani. Mwaka uliofuata walivuka bahari. Tarehe 6 Mei 1873 waliimba jijini London mbele ya wageni walioalikwa na Earl wa Shaftesbury, mwanasiasa Mkristo aliyejulikana kwa kuwatetea maskini. Siku hizo hizo waliimba mbele ya Malkia Victoria. Waziri Mkuu Gladstone aliwakaribisha. Waliimba pia katika kanisa kubwa la mhubiri Charles Spurgeon. Waliingia Uskoti, wakaimba viwandani, katika shule za Jumapili na mikutano ya injili. Katika nchi hiyo ya kigeni walilala katika mahoteli ambayo kwao wasingefunguliwa mlango. Walirudi na karibu dola 50,000.

Wakati huo huo, upande wetu wa bahari, mambo makubwa yalikuwa yakitendeka. Tarehe 5 Juni 1873, mwezi mmoja tu baada ya tamasha lile la London, Sultani Barghash wa Unguja alitia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa la Unguja na kukataza kusafirisha watumwa baharini. Mwaka wa 1875 kijiji cha Frere Town kikaanzishwa Mombasa na wamisionari wa CMS kwa ajili ya waliookolewa katika majahazi ya watumwa. Baadhi ya viongozi wake wa kwanza walikuwa Waafrika waliookolewa wakiwa watoto, wakapelekwa India, wakasomeshwa Nashik, kisha wakarudi. Kila apitaye Kengeleni, karibu na Nyali, anapita mahali palipopata jina lake kutokana na kengele ya kijiji hicho.

Mmoja wa waliosoma Nashik, Jacob Wainwright, ndiye aliyelisindikiza jeneza la David Livingstone hadi London, likazikwa Westminster Abbey tarehe 18 Aprili 1874. Waimbaji wa Fisk walikuwa bado Uingereza. Kwa hiyo Waingereza waliosikia nyimbo zile walikuwa watu wale wale waliokuwa wakisoma magazetini habari za Unguja, za Livingstone na za misafara ya watumwa. Walipowaona vijana hawa wamesimama mbele yao, wamevaa vizuri, wakiimba kwa utaratibu na kwa imani, habari za mbali zilipata sura na sauti. Hiyo ndiyo kazi ambayo kwaya inaweza kuifanya na barua haiwezi.

Kilichobaki, na kilichogharimu

Nini kilibaki? Tarehe 1 Januari 1876 chuo cha Fisk kilizindua jengo jipya la matofali linaloitwa Jubilee Hall. Lipo mpaka leo. Ndani yake kuna picha kubwa ya rangi ya waimbaji wale, iliyochorwa London na Edmund Havell mwaka wa 1873. Jengo lingine lilifuata na kupewa jina la Livingstone. Mwishoni mwa miaka ya 1870, wahitimu wa Fisk wakavuka bahari upande wa pili kwenda kuwa wamisionari Sierra Leone. Na kila mwaka, tarehe 6 Oktoba, chuo huadhimisha siku waliyoondoka waimbaji wale tisa. Zaidi ya majengo, nyimbo za watumwa ambazo zingeweza kupotea ziliandikwa, zikachapishwa na kuimbwa duniani kote. Hata sisi tunaziimba.

Lakini tusisimulie upande mmoja. Fedha zile zilitoka katika miili ya watu. Wengi wao waliacha masomo ili waimbe, ingawa waliimba ili wengine wasome. Walisafiri miezi na miezi katika baridi bila mapumziko ya kutosha. Benjamin Holmes, mmoja wa wale tisa, alikufa kwa kifua kikuu. Mke wa George White alifariki wakiwa ziarani Uskoti, akiacha watoto wadogo. White mwenyewe aliumwa mapafu. Safari ya tatu, iliyoanza mwaka wa 1875 na kuwafikisha Uholanzi na Ujerumani, iliwachosha kabisa. Mwaka wa 1878 kikundi kilivunjika Hamburg, waimbaji wakiwa wagonjwa na wamegombana na viongozi wao. Tukilitazama jengo zuri la Jubilee Hall ni vyema tukumbuke pia waliolilipia.

Afrika Kusini, 1891

Kutoka safari ile moja zilizaliwa nyingine nyingi. Kikundi kilichoongozwa na Frederick Loudin, mwimbaji wa zamani wa Fisk, kilizunguka dunia hadi Australia, India na Japani. Orpheus McAdoo, aliyewahi kuimba na Loudin, alifika Afrika Kusini mwaka wa 1890 na kikundi chake. Katika mji wa machimbo wa Kimberley aliimba mbele ya watu weusi waliokuwa hawajawahi kuwaona watu wa rangi yao wakipokewa jukwaani kwa heshima namna ile. Miongoni mwa waliowasikiliza walikuwamo ndugu wawili, Charlotte na Katie Manye, waliokuwa wakiimba katika kwaya ya kanisa lao.

Haikupita muda, ikaundwa African Choir, kikundi cha vijana wa shule za misheni kama Lovedale pamoja na watoto wawili. Walisafiri kwenda Uingereza mwaka wa 1891. Kusudi lililotangazwa lilikuwa zuri: kukusanya fedha za kujenga shule ya ufundi kwa vijana wa Afrika. Julai mwaka huo waliimba mbele ya Malkia Victoria huko Osborne.

Hapa ndipo safari hiyo inapotofautiana na ya Fisk. Waliosimamia fedha na ratiba hawakuwa waimbaji, wala hawakuwa viongozi wa makanisa waliyotoka. Walikuwa mawakala wa matamasha. Nusu ya kila tamasha waimbaji walitakiwa kuvaa ngozi na shanga na kuimba nyimbo za Kiafrika. Nusu nyingine walivaa mavazi ya Kizungu na kuimba kwa Kiingereza. Baadhi yao walikuwa walimu, watu waliosoma na waliozoea kuvaa suti. Picha zilizopigwa London wakati huo, ambazo zilipatikana tena na kuonyeshwa mwaka wa 2014, zinawaonyesha wakitazama kamera kwa utulivu na heshima, ngozi za wanyama zikiwa mabegani. Watazamaji walikuja kuona kile walichodhani ndiyo Afrika, na waandaaji waliwapa walichotaka.

Fedha za shule ya ufundi hazikupatikana. Kulitokea ugomvi kuhusu malipo, na mwishowe waandaaji wakawaacha waimbaji London bila nauli wala chakula. Waliorudi nyumbani walisaidiwa na watu wa misheni. Katie Manye alikuwa mmoja wa waliorudi, na hakutaka tena safari ya namna hiyo. Baadaye alifanya kazi miaka mingi Durban akiwa mkalimani na msaidizi wa Daktari James McCord, mmisionari aliyewatibu watu weusi.

Charlotte alijiunga na safari ya pili, kwenda Marekani. Huko nako mambo yakawa yale yale: kikundi kiliachwa Cleveland, Ohio, bila fedha. Lakini safari hii kulikuwa na kanisa karibu. Watu wa African Methodist Episcopal, kanisa lililoanzishwa na watu weusi wa Marekani, waliwachukua baadhi ya waimbaji na kuwatafutia nafasi katika Chuo Kikuu cha Wilberforce. Charlotte alihitimu mwaka wa 1901 na kuwa mwanamke mweusi wa kwanza wa Afrika Kusini kupata shahada. Barua aliyomwandikia dadaye nyumbani ilisababisha mchungaji Mangena Mokone, mwanzilishi wa Kanisa la Ethiopia huko Pretoria, kuandikiana na kanisa la Marekani, na mwaka wa 1896 makanisa hayo mawili yakaungana. Yeye na mumewe, Marshall Maxeke, walirudi kwao na kuanzisha shule. Mwaka wa 1918 aliunda umoja wa wanawake weusi uliopinga sheria za pasi.

Kwa hiyo safari iliyoshindwa ilizaa shule, kanisa na kiongozi wa taifa. Tunamshukuru Mungu anayeweza kuokota vipande. Lakini hatuwezi kusema kwamba kwa sababu Mungu aliokota vipande, basi vyombo vivunjwe tu. Vijana wale waliachwa barabarani mara mbili kwa sababu hesabu zilikuwa mikononi mwa watu ambao hawakuwajibika kwa mtu yeyote nyumbani kwao. Waliookolewa Cleveland waliokolewa kwa sababu kulikuwa na kanisa lililowahesabu kuwa watoto wake.

Ndugu wa Uamsho, 1947

Safari ya tatu inatoka karibu nasi. Wazee wetu wengi waliokoka katika Uamsho wa Afrika Mashariki, na wengine bado wanausimulia kana kwamba ulikuwa jana. Mizizi yake iko Gahini, Rwanda, ambako kulikuwa na hospitali ya misheni aliyofanyia kazi Daktari Joe Church, na iko Namirembe, Uganda, alikokutana na Simeoni Nsibambi mwaka wa 1929 wakaomba pamoja. Mwaka wa 1937 kikundi cha ndugu kilifika Kabete, hapa kwetu, na kutoka hapo moto ukaenea. Kila mahali walikwenda kwa vikundi, Mwafrika na Mzungu pamoja, kwa siku chache, kisha wakarudi makwao kuendelea na kazi zao.

Mwaka wa 1947 William Nagenda wa Buganda na Yosiya Kinuka, aliyekuwa mtumishi wa hospitali ya Gahini, walikwenda Ulaya pamoja na Joe Church. Walitembelea Uingereza, Uswisi na Ufaransa. Fikirini jambo hilo lilivyoonekana wakati huo. Vita vikuu vya pili vilikuwa vimekwisha miaka miwili tu nyuma. Nchi zetu zote zilikuwa chini ya serikali za kikoloni. Kwa zaidi ya miaka 100 wamisionari walikuwa wametoka Ulaya kuja Afrika. Sasa Waafrika wawili walisimama mbele ya Wakristo wa Ulaya, na hawakuja kuomba mchango. Walishuhudia kwamba Yesu alikuwa amewaosha dhambi zao, na wakawauliza wenyeji wao kama nao wanatembea nuruni.

Mwinjilisti mmoja wa Uingereza, Roy Hession, alikuwa miongoni mwa waliowasikiliza. Kwa maelezo yake mwenyewe alikuwa amechoka na kukauka kiroho, ingawa alikuwa akihubiri kila wiki. Alichojifunza kwao kilimwongoza kuandika kitabu kidogo, The Calvary Road, kilichotoka mwaka wa 1950 na kutafsiriwa katika lugha nyingi. Mwaka wa 1959 Festo Kivengere wa Uganda na Askofu Yohana Omari wa Tanganyika walikwenda Australia kwa kazi hiyo hiyo. Omari alikuwa amewekwa wakfu Namirembe mwaka wa 1955, siku moja na maaskofu wetu Festo Olang' na Obadiah Kariuki.

Safari hizi hazikuacha jengo wala akaunti ya benki. Ziliacha watu waliobadilika na urafiki uliodumu. Ni watu wachache waliosafiri, kwa kualikwa, na walikuwa na jambo la kusema ambalo mwenyeji hakuwa nalo. Nyumbani walikuwa wakiishi lile lile walilolisema ng'ambo. Kinuka alijulikana Gahini kabla hajajulikana London.

Sisi na uamuzi ulio mbele yetu

Tukiziweka safari hizi tatu pamoja tunaona kwamba ugumu wa kwenda haukuwa tofauti kati yao. Wote walikutana na baridi, lugha ngeni, dharau na uchovu. Zilitofautiana katika mambo yaliyoamuliwa kabla ya kuondoka: nani aliyetuma, nani aliyeshika mfuko, na mwenyeji aliahidiwa kuona nini. Kwa hiyo hata sisi uamuzi wetu hautafanyika uwanja wa ndege. Utafanyika hapa, katika mkutano wa washirika.

Kwanza kuhusu fedha. Kama safari itaidhinishwa, tunaomba hesabu zake zishikwe na mweka hazina wa kanisa, si wa kwaya, na zisomwe mbele ya washirika kabla ya kwenda na baada ya kurudi. Kila mwimbaji awe na tiketi ya kurudi mkononi kabla ya kuondoka. Vijana wa African Choir wangekuwa na tiketi hiyo, historia yao ingekuwa nyingine. Na harambee ya safari isianze mpaka mkutano uamue kuhusu paa la ukumbi wa vijana. Waimbaji wa Fisk walikwenda kuwajengea wenzao waliobaki. Kwaya ikienda ng'ambo na kuacha vijana wake wakinyeshewa, itaimba nini huko?

Pili kuhusu nyimbo. Tumesikia maoni kwamba tukifika Uingereza tuimbe zaidi nyimbo za Kizungu ili wenyeji waelewe. Waimbaji wa Fisk walianza hivyo, na hawakusikilizwa mpaka walipotoa nyimbo za mama zao. Tuimbe nyimbo za Kizungu tunazozijua, maana nazo ni zetu kwa sasa. Lakini tusiache nyimbo zetu za Kiswahili na za lugha za nyumbani, na wazee watusaidie kukumbuka zile ambazo zimeanza kusahauliwa. Vilevile tusikubali kuonyeshwa kama maskini wa kuhurumiwa. Tumewahi kuona picha za watoto wenye njaa zikitumiwa kuchangisha fedha za watu wasiowajua watoto hao. Kama tutazungumza kuhusu shida za kwetu, tuzungumze kama watu wanaoshughulika nazo, na tuwaulize wenyeji kuhusu shida za kwao pia. Kanisa hilo rafiki limetuambia waziwazi kwamba viti vyake vingi viko vitupu siku hizi. Wale waliotuletea injili wana haja ya kusikia kwamba haikuanguka kwenye mwamba.

Tatu kuhusu watu. Siku 14 si nyingi, lakini ratiba iliyopendekezwa ina tamasha karibu kila jioni. Tunaomba ipunguzwe. Wapo kati yetu wenye sukari na shinikizo la damu, wapo mama wanaonyonyesha, na wapo wazee waliotumikia kwaya hii tangu mwanzo ambao ni haki yao kwenda. Afya ya mwimbaji isiuzwe kwa ajili ya tamasha moja zaidi. Na kwa kuwa si wote 60 watakaokwenda, watakaobaki wasihesabiwe kuwa wa daraja la pili. Siku hizo hizo wanaweza kurudi Garsen, ambako watu wametuita mara mbili.

Nne kuhusu kitakachobaki. Tunapendekeza kwamba mwaka ujao kanisa rafiki lilete vijana wake kwetu kwa siku zizo hizo 14, wakae katika nyumba zetu, waimbe nasi, waone tunavyoabudu na tunavyofanya kazi. Urafiki unaokwenda upande mmoja tu hauitwi urafiki.

Huenda mkutano ukaamua tusiende. Ukiamua hivyo, kwaya hii haitavunjika moyo. Ilianza bila kinanda, ikaimba miaka 50, na maeneo ambayo bado hayajasikia sauti yake yako hata ndani ya kaunti yetu. Ukiamua twende, tutakwenda kama watu waliotumwa na kanisa lao, tukijua kwamba nyuma yetu kuna wengi waliopita njia hiyo: vijana tisa wa Nashville, Charlotte na Katie, Nagenda na Kinuka. Kwa vyovyote, tunaomba washirika waje mkutanoni, waulize yote wanayotaka kuuliza, kisha tuamue kwa umoja.

Tunamshukuru Mungu kwa miaka hii 50. Tunawashukuru walimu wetu, wachungaji waliotulea, wazazi waliotuacha tuje mazoezini jioni, na ninyi washirika mliotusikiliza hata siku ambazo sauti ya tatu haikuwa tayari. Bwana aliyetufikisha jubilii atuongoze katika yaliyo mbele.